Ofa ya mwenye mfuko mrefu isituue sisi wa chapati

Jamani, tuseme wazi. Kwenye makambi na mitaa tunayoishi hapa Uganda kuna ugonjwa wa biashara unaitwa ofa. Mtu ana sigiri moja, kikaango kimoja na ndoo ya unga, lakini kwenye boksi lake amebandika karatasi: "Nunua rolex mbili, soda bure." Jirani akiona, kesho naye anaandika: "Rolex 2,000 tu, wiki nzima." Wa tatu anashuka mpaka 1,800. Mwezi ukiisha, wawili wamefunga, na yule aliyebaki ana deni la unga dukani.

Halafu watu wa nje wanakuja na daftari na kuuliza: kwa nini biashara za vijana wakimbizi hazidumu? Wanaandika kwamba hatuna nidhamu ya pesa, kwamba tunakula mtaji. Sisi tunasema hapana. Kuna kitu tunafundishwa vibaya, na leo tunataka kukisema kwa jina.

Ukikaa kwenye mafunzo ya ujasiriamali, siku ya pili au ya tatu mwezeshaji anafika kwenye somo la masoko. Anabandika karatasi kubwa ukutani. Anauliza: mnajua kampuni gani kubwa za chakula? Watu wanataja KFC, wanataja McDonald's hata kama hakuna aliyewahi kuingia. Basi anasema: angalieni wanavyofanya, wanapunguza bei, wanatoa kitu cha bure, wanavuta wateja, nendeni mkafanye hivyo. Vijana wanaandika. Mwisho wa wiki wanapewa cheti, picha inapigwa, na vita vya bei vinahamia kwenye barabara yetu ya vumbi.

Kujifunza hatukupingi. Tunapinga kufundishwa nusu. Hoja yetu ni moja: ile bei ndogo mnayoiona kwenye bango la kampuni kubwa si bei, ni tangazo, na kila tangazo lina mtu wa kulilipia. Kwenye kampuni kubwa wanaolipia ni wengi, wengine hata hawajui kama wanalipia. Kwenye sigiri ya kambini analipia mwenye sigiri peke yake, yeye na watoto wake.

HIVI VITA VILIANZA WAPI

Twende kwanza Marekani, maana huko ndiko somo lenyewe lilikotoka.

Mwaka 1989 kampuni ya Wendy's ilitoa orodha ya vyakula vya senti 99. Mwishoni mwa 2002 McDonald's nao wakatoa orodha yao ya dola 1 kwa nchi nzima. Burger King hawakukaa kimya. Kuanzia hapo, miaka yote, hawa watatu wanashindana nani atampa mtu burger kwa sarafu ndogo zaidi. Subway, wanaouza mikate mirefu iliyojazwa nyama na mboga, mwaka 2008 wakauza mkate mzima kwa dola 5 Marekani nzima, na wimbo wa tangazo ukaimbwa na kila mtoto.

Ukisikia hivyo unasema: basi, kushusha bei kunalipa. Subiri kwanza. Angalia kilichotokea jikoni.

Burger ya jibini mbili ya McDonald's ilikuwa kwenye ile orodha ya dola 1. Bei ya vitu ilipopanda, mwishoni mwa 2008 wakaitoa, wakaweka nyingine iitwayo McDouble. Tofauti ni nini? Kipande kimoja cha jibini. Nyama mbili zilibaki, jibini ikawa moja badala ya mbili. Kampuni yenye maelfu ya migahawa ilikaa mezani ikahesabu thamani ya kipande kimoja cha jibini, chembamba kama jani, ikaona hakiwezi kubaki ndani ya dola 1. Hilo ndilo somo tungependa kufundishwa: wale wanaotoa ofa wanahesabu mpaka kipande. Sisi tunaambiwa tutoe ofa hata kabla hatujajua yai moja kwenye rolex linatugharimu shilingi ngapi.

Burger King walikuwa na kisa kikubwa zaidi. Mwaka 2009 makao makuu yaliamua burger ya jibini mbili iuzwe dola 1. Sasa jueni kitu: migahawa mingi ya kampuni hizi si mali ya kampuni. Ni ya watu waliokodi jina. Wanalipa ili watumie jina, wananunua vitu, wanalipa wafanyakazi, na kila mwezi wanapeleka asilimia ya mauzo juu. Asilimia ya mauzo, si ya faida. Kwa hiyo mauzo yakiongezeka, wa juu anafurahi hata kama wa chini anapata hasara. Wenye migahawa walipiga hesabu wakasema: burger hii inatugharimu angalau dola 1 na senti 10 kuitengeneza, ninyi mnatuambia tuiuze dola 1. Novemba 2009 chama chao kikapeleka kampuni mahakamani. Mwaka uliofuata bei ya burger ile ikapandishwa, na ya dola 1 ikabaki na kipande kimoja cha jibini.

Ona vizuri. Hao ni watu wenye majengo, wenye mawakili, wenye benki nyuma yao. Walishindwa kubeba hasara ya senti 10 kwa kila burger, wakaenda kwa hakimu. Yule dada wa rolex pale kituo cha boda ataenda kwa hakimu gani?

Subway vilevile. Miaka ilipopita na makao makuu yakataka kurudisha mkate wa dola 4 na senti 99, mamia ya wenye migahawa walitia saini kupinga. Walisema inawamaliza. Hiyo sehemu ya hadithi haibandikwi ukutani siku ya mafunzo.

NANI ANALIPIA OFA

Tuhesabu walipaji, mmoja mmoja.

Mlipaji wa kwanza ni huyo tuliyemtaja, mwenye mgahawa aliyekodi jina. McDonald's karibu asilimia 95 ya migahawa yao duniani inaendeshwa na watu kama hao, na wengi wao wanailipa kampuni kodi ya jengo juu ya asilimia ya mauzo. Ofa ikifeli, kodi haisubiri.

Mlipaji wa pili ni soda na chipsi. Burger ya bei ndogo inawekwa mlangoni kama chambo. Ukishaingia, hununui burger peke yake. Unachukua chipsi, unachukua soda. Soda ya mashine ni maji, gesi na sharubati kidogo ndani ya kikombe chenye barafu nyingi, na humo ndimo faida ilimo. Wanachopoteza kwenye nyama wanakirudisha kwenye kikombe. Sasa mwenzetu anayeuza rolex na kutoa soda ya chupa bure, yeye anafanya kinyume kabisa: anatoa bure kitu ambacho amekinunua kwa bei ya jumla, kilichofungwa tayari, ambacho hakina nafasi ya kupunguza hata tone.

Mlipaji wa tatu ni yule anayewauzia vitu. Juni 2024 McDonald's walitoa mlo wa dola 5 Marekani: burger, vipande 4 vya kuku, chipsi ndogo na soda ndogo. Burger King walikuwa wameshawahi na mlo wao wa dola 5 siku chache kabla. Wenye migahawa ya McDonald's walisita, wakaogopa hasara. Nani alisaidia ofa ikubalike? Coca-Cola. Walitoa mamilioni ya dola kwenye matangazo ya mlo huo, maana kila mlo una soda yao. Sasa tuulizane: yule mwenye duka anayetuuzia unga wa ngano, amewahi kuchangia hata karatasi ya tangazo la chapati? Sana sana anatukata deni.

Mlipaji wa nne ni wewe mteja, kwa kitu kisichoonekana. Desemba 2018 Burger King walitangaza Whopper kwa senti 1. Senti moja! Sharti: uwe na programu yao kwenye simu, na uagize ukiwa karibu na mgahawa wa McDonald's, futi 600, kama mita 180. Yaani unasimama mlangoni kwa mshindani ndipo unapewa chakula cha huyu mwingine. Watu walicheka, wakakimbia, na ile programu ikapakuliwa zaidi ya mara milioni 1 kwa siku chache. Hawakuuza burger kwa senti moja. Walinunua simu za watu: jina lako, mahali ulipo, saa unayokula, na njia ya kukutumia ujumbe kila siku ukiwa na njaa.

Mlipaji wa tano ni mteja wa saa nyingine. Mwanzoni mwa 2024 mkuu wa Wendy's alisema watajaribu bei zinazobadilika, na bodi za menyu za kidijitali zinazobadilishwa muda wowote. Watu wakaelewa kwamba burger itapanda bei saa ya mchana wakati wote wana njaa, kelele zikawa nyingi, na kampuni ikatoka kusema haina nia ya kupandisha bei saa za watu wengi. Burger King wakarukia nafasi hapohapo, wakagawa Whopper za bure kwa walionunua kitu cha dola 3. Hata ukarimu wao ni jiwe la kumpiga mwenzake.

Ukijumlisha hao watano utaona: kwa mkubwa, hasara ya ofa inagawanywa. Inashuka kwa mwenye mgahawa, inapanda kwa mwenye soda, inaingia kwenye simu ya mteja. Kwetu haina pa kwenda. Inalala nyumbani kwa mama yuleyule aliyeamka saa kumi za usiku kukanda unga.

HESABU YA ROLEX MOJA

Sisi hatupendi maneno bila namba. Tuchukue mfano. Bei hubadilika kambi kwa kambi, basi weka namba zako mwenyewe, lakini njia ya kuhesabu ni ileile.

Rolex ya mayai mawili. Mayai 1,000. Unga na mafuta ya chapati 600. Nyanya, kitunguu, chumvi 150. Makaa 150. Karatasi ya kufungia 50. Jumla 1,950. Unauza 2,500. Inabaki 550. Ukiuza rolex 40 kwa siku, una shilingi 22,000 kabla ya kulipia nafasi ya kukaa na kabla ya jasho lako.

Sasa jirani ameshusha, nawe unashuka mpaka 2,000. Watu wengi wanasema: nimepunguza 500 tu, si kitu, nitauza nyingi zaidi. Haya, tuone. Rolex imekugharimu 1,950, unauza 2,000, inabaki 50. Kupata zile 22,000 zako za zamani unahitaji kuuza rolex 440 kwa siku. Mia nne na arobaini! Rolex moja ikikaa dakika 5 kwenye kikaango, hizo ni saa zaidi ya 36. Siku ya Mungu ina saa 24, na wewe una kikaango kimoja.

Umepunguza bei kwa sehemu moja ya tano. Kazi imeongezeka mara 11. Hii ndiyo hesabu ambayo ingebandikwa ukutani siku ya kwanza, kabla ya neno promosheni kutajwa.

Na ile ya soda bure? Rolex mbili zinakuachia 1,100. Chupa ya soda kwa bei ya jumla, tuseme 1,200. Kila mteja anayefurahia ofa yako amekuachia hasara ya 100. Akija na rafiki zake watano wakakushangilia, jua wamekushangilia ukianguka.

"LAKINI MTEJA MASKINI ANAFAIDIKA"

Hili tumeambiwa mara nyingi, na ni hoja ya kuheshimu. Wateja wetu ni sisi wenyewe. Julai 2023 kaya za wakimbizi hapa Uganda ziligawanywa makundi matatu: la kwanza likabaki na asilimia 60 ya posho, la pili asilimia 30, la tatu likaambiwa linaweza kujitegemea, halikupata kitu. Katika hali hiyo mtu akipata rolex kwa 1,800, nani amnyime?

Hakuna anayemnyima. Lakini tumeona mwisho wake. Bei inashuka wiki tatu. Baada ya hapo yai moja linatolewa na chapati inakuwa nyembamba, unaweza kusoma gazeti kupitia. Mafuta yanarudiwa mpaka yanakuwa meusi. Halafu wauzaji wanafunga, na anayebaki anapandisha mpaka 3,000 kwa sababu hana mshindani. Kumbe yule maskini alikopeshwa nafuu ya wiki tatu, sasa anairudisha na riba. Tena wale waliofunga ni nani? Ni wa lile kundi la tatu, walioambiwa wajitegemee. Chapati ndiyo ilikuwa kujitegemea kwao.

Ushindani tunaukubali. Aliye msafi amshinde mchafu, anayeamka mapema amshinde anayechelewa, mwenye mkono mtamu amshinde mwenye chumvi nyingi. Huo ni mchezo wa haki. Kushindana nani ataanza kufa njaa, hatuwezi kuuita biashara.

CHAKULA CHA SEMINA KINATOKA WAPI?

Sasa tugeuke kwa ndugu zetu wa mashirika. Tunawapenda, wengi wenu mnafanya kazi kwa moyo, na wengine ni wakimbizi kama sisi. Ndiyo maana tunawaambia usoni.

Wakenya wengi wanakumbuka Januari 2022. KFC, ambao wako Kenya tangu 2011, waliishiwa chipsi. Nchi inayolima viazi mpaka vinaoza barabarani, mgahawa unasema hauna viazi, kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinatoka nje kwa meli na meli imechelewa. Kampuni ikaeleza kwamba wakulima wa hapo hawajapitia utaratibu wake wa kukubali ubora. Watu walikasirika, wakatangaza kugoma kununua, na kampuni ikalazimika kusema itatafuta viazi vya nchini. Na walikuwa na haki ya kukasirika.

Basi sisi nasi tuna viazi vyetu. Siku ya semina ya kujitegemea, saa saba mchana, gari linaingia na maboksi ya chakula kutoka mjini. Nje ya ukumbi, hatua 50, kuna mama anauza wali na sombe. Kuna kijana wa kikomando, chapati zake na maharagwe yanachemka. Wote wawili walipitia mafunzo hayohayo mwaka uliopita, vyeti vyao viko ukutani nyumbani. Wanaangalia gari likipita. Ukiuliza unaambiwa: hawana risiti za kodi, hawajapitia utaratibu wa manunuzi. Ni yale maneno ya viazi, neno kwa neno.

Mkituagiza chakula cha watu 60 mara mbili kwa mwezi, mtakuwa mmefanya kazi ambayo mafunzo kumi hayafanyi. Kwa nini? Kwa sababu nguvu kubwa ya zile kampuni haiko kwenye ofa. Iko kwenye kujua kesho watauza kiasi gani. Anayejua atauza sahani 60 Alhamisi ananunua gunia, hanunui kilo. Anakopa kwa akili. Anaajiri jirani.

Kuna jambo la pili. Mnagawa vifaa vya kuanzia, na tunashukuru. Lakini mkitoa sigiri 30 na vikaango 30 kwa vijana 30 wa mtaa mmoja, mmeanzisha vita vya bei kwa mikono yenu. Hata Burger King kabla ya kufungua mgahawa wanahesabu watu wanaopita pale. Ninyi mnahesabu nini? Idadi ya waliopokea. Tunaomba mhesabu pia waliobaki wazi baada ya miezi 12, na mwandike hiyo namba kwenye ripoti ileile yenye picha.

TUNACHODAI

Kwa wawezeshaji: somo la gharama litangulie somo la promosheni. Mtu asitoke kwenye mafunzo bila karatasi moja yenye gharama ya chakula chake, kitu kwa kitu, kwa mkono wake mwenyewe. Mkitumia mfano wa kampuni kubwa, tumieni wote: wimbo wa dola 5 pamoja na saini za waliopinga, burger ya dola 1 pamoja na kesi ya mahakamani.

Kwa mashirika: tengeni sehemu ya chakula cha mikutano kwa wapishi wa kambini, na msaidieni kikundi kimoja kipate risiti na usajili badala ya kutumia kukosa risiti kama ukuta. Na msigawe biashara moja kwa mtaa mzima.

Kwa vijana wenzetu tuna mengi zaidi ya kusema, maana mkono ulioshika kikaango ni wenu.

Kuna vitu vya kuiga kwa wakubwa. Wananunua pamoja. Wenye migahawa elfu wanaletewa unga wa aina moja kwa bei moja kwa sababu wanaagiza kama mtu mmoja. Sisi wauzaji watano wa barabara moja tunaweza kununua gunia la unga na trei za mayai kwa pamoja, kila mtu akachukua sehemu yake na kuuza kwa bei yake. Mkipunguza gharama shilingi 100 kwa rolex, hiyo ni faida ya kweli, na mteja wala hajui.

Wanatoa ofa saa ya baridi. Nairobi kila mtu anaijua ile Jumanne ya Pizza Inn, nunua moja upate nyingine. Mbona si Jumamosi? Kwa sababu Jumamosi watu wanakuja wenyewe. Jumanne tanuri limewashwa, wafanyakazi wamelipwa, viti vitupu. Bora pizza ya pili itoke. Wenzetu wengi wanatoa ofa siku ya soko, siku ambayo hata bila ofa foleni ipo. Kama lazima utoe, toa ile saa ya usiku chapati zimebaki na kesho zitakuwa ngumu.

Wanamlipa mteja anayerudi. Chukua kikaratasi, piga muhuri au saini kila anaponunua. Akinunua 10, ya 11 ni bure. Hesabu: rolex 10 zimekuachia 5,500, umetoa moja ya 1,950, zimebaki 3,550. Gawanya kwa 11, kila moja imekuachia zaidi ya 320. Linganisha na ile 50 ya kushusha bei. Mteja anasikia bure, na wewe hujaungua.

Na kuna vitu wakubwa wanavyolipia mamilioni ili wavipate, sisi tunavyo bure. Wanatengeneza programu ya simu ili wajue jina lako. Mama wa sombe anajua jina lako, anajua mtoto wako alikuwa na malaria, anajua hutaki pilipili. Usitupe hiyo kwa ajili ya karatasi ya ofa.

Tena tukiwa wateja, tusome bango lote. KFC wako Kampala tangu 2013, na vijana wetu wakipata pesa kidogo wanapenda kuingia wapige picha. Hakuna dhambi, ni pesa yako. Lakini soma yale maandishi madogo. "Kuanzia" maana yake bei ya kile ambacho hutakichukua. "Hadi stoku iishe" maana yake huenda imeisha tayari. Ukubwa wa kati umewekwa ili ukubwa wa juu uonekane rahisi. Ukiulizwa "na chipsi?", jua ndipo faida inapoingia. Ukishajua, nunua unachotaka kwa macho yaliyofunguka.

Wazee wetu walisema, vita vya panzi furaha ya kunguru. Sisi panzi tukishushiana bei, anayeshiba ni mwenye duka la unga, ni mwenye riba, ni yule atakayekuja kununua vikaango vyetu kwa bei ya kutupa. Tumeona vikaango vyenye nembo za mashirika vikiuzwa sokoni. Kila kimoja kilikuwa biashara ya mtu.

Kwa hiyo kabla hujabandika karatasi ya ofa kesho asubuhi, kaa chini leo usiku. Andika yai, unga, mafuta, nyanya, makaa, karatasi. Jumlisha. Hiyo namba ya chini ni ukuta wako. Jirani akishuka chini yake, mwache ashuke, tena mwite umuonyeshe hesabu, maana naye ana watoto. Na wewe wa shirika unayesoma haya ukipanga semina ya wiki ijayo, chakula cha mchana bado hujaagiza. Mama wa wali na sombe yupo pale nje, muulize bei yake ya sahani 60. Anayo, ameshaihesabu.